Sufu ni shahidi wa hori

Wiki hii safu yetu inatoka kidogo jikoni na katika chumba cha watoto, inakwenda nyuma ya nyumba, kwenye banda. Sababu ni barua iliyotufikia kutoka Kasulu, mkoani Kigoma, ambayo tuliisoma mara mbili kabla ya kuijibu.

Aliyeandika ni mama wa watoto watano. Mwaka jana, kwa fedha zake za upatu, alimwagiza kaka yake anayefanya kazi Kenya amletee sungura wanne wa aina ya Angora, majike matatu na dume moja, wale wenye manyoya marefu meupe yanayowafanya waonekane kama marobota ya pamba. Nia yake ilikuwa kukata sufu yao, kusokota uzi, na kuwafundisha binti zake wawili kufuma kofia na soksi za watoto wachanga, kwa kuwa asubuhi za Juni na Julai katika miinuko ile zina baridi ambayo mtu wa pwani haijui. Mkato wa kwanza ulikwenda vizuri. Kabla ya mkato wa pili, manyoya yalianza kudondoka yenyewe, kwanza mgongoni, kisha mbavuni, hata ngozi ikaonekana. Hapakuwa na upele, wala damu, wala magaga masikioni.

Mama mkwe wake akasema ni jicho, na akamtaja wa kumshuku: jirani wa upande wa pili wa ua, ambaye siku moja alisimama bandani akawasifu sungura wale wala asiseme mashaallah. Mume akasema wachinjwe upesi kabla hawajafa wakawa mizoga. Binti mkubwa alilia usiku kucha, kwa maana yeye ndiye anayekwenda kuwatafutia majani kila alasiri akitoka madrasa. Swali la dada yetu huyu lilikuwa fupi: “Je, ni maradhi, ni husuda, au kosa ni langu?”

Sisi nasi tulimrudishia swali moja tu: wanakula nini? Jibu lilikuja baada ya siku nne. Tangu mvua zilipokatika na nyasi zikakauka, binti huwaletea majani ya lusina, mafungu mawili makubwa kwa siku, na pumba kidogo. Majani hayo hukatwa kwenye ua wa jirani yule yule anayeshukiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mtoto achume atakavyo, kwa kuwa mbuzi wake huyala kila siku na wananenepa.

Hapo tukajua pa kuanzia.

Tuseme kwanza la jicho. Jicho lipo, na Muislamu hujikinga nalo kwa dhikri na dua. Lakini kumtuhumu jirani ni jambo zito, na dhana ni mzigo ambao mtu ataulizwa kuhusu kuubeba kwake. Kabla ya kumtazama jirani, tulitazame hori. Mnyama aliyefungiwa hana njia ya kutueleza alichokula zaidi ya mwili wake, na sungura wa Angora ana ulimi wa ziada, nao ni sufu. Kila kilichoingia horini huandikwa humo.

Sasa tulieleze la lusina, mti ambao wengine huuita lukina. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na kwa hakika ni mti wa heri: unarutubisha ardhi, unatoa kuni, na majani yake yakikaushwa karibu robo ya uzito wake ni protini. Ndiyo maana mabwana mifugo wengi wamewahimiza wafugaji kuupanda. Lakini ndani ya majani hayo mna kitu kiitwacho mimosini. Kitu hicho husimamisha ukuaji wa unywele pale penye shina lake ndani ya ngozi. Unywele usiolishwa shinani hulegea, na ukilegea hudondoka. Ngozi haina upele kwa sababu ngozi haiumwi. Kilichosimama ni kazi ya kuotesha unywele.

Mbona basi mbuzi wa jirani ananenepa? Kwa sababu mbuzi ana matumbo manne, na katika tumbo lake la kwanza wanaweza kuishi vijidudu vinavyoivunja mimosini kabla haijaingia damuni. Tena si mbuzi na ng'ombe wote duniani waliojaaliwa vijidudu hivyo. Huko Australia ng'ombe waliolishwa lusina kwa wingi walikuwa wakidhoofika na kupoteza manyoya, ilhali mbuzi wa visiwa vya Hawaii waliila bila madhara. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba siri ilikuwa tumboni mwa mbuzi wale. Vijidudu vyao vikachukuliwa, vikapandikizwa kwa ng'ombe wa Australia, na mifugo ile ikaweza kuila lusina kwa salama. Kijidudu kimojawapo kikapewa jina la mtafiti huyo.

Sungura hana matumbo manne. Ana tumbo moja, na vijidudu vyake hukaa mbali, katika mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Chakula kinapofika huko, mimosini imekwisha kunyonywa na damu. Na la kustaajabisha ni kwamba huko Ufaransa wapo wafugaji wa Angora waliokuwa wakiwalisha sungura wao chakula chenye mimosini kwa siku chache, kwa makusudi, ili manyoya yaachie ngozi wakati wa kuyavuna. Kile ambacho wenzetu hukitoa kwa kipimo siku ya mavuno, binti yetu wa Kasulu alikitoa kila alasiri kwa mapenzi tu. Sungura wake walikuwa wakivunwa kabla ya wakati.

Jibu letu kwa dada yetu lilikuwa hili: si maradhi wala si husuda. Lusina isimame leo hii, na kwa idhini ya Mwenyezi Mungu manyoya yataota tena. Lakini kuacha kibaya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kizuri ni kipi, na hapa tunawaalika wasomaji wetu wote wenye banda, hata wale wenye sungura wa kawaida wa kitoweo, kwa kuwa mengi tutakayosema yanawahusu.

Sufu, ukiitoa vumbi na unyevu, karibu yote ni protini. Sungura wa Angora aliyelishwa vizuri hukatwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na wengi hutoa kati ya gramu 150 na 250 kwa mkato mmoja. Majike kwa kawaida huwashinda madume. Sufu hiyo haitoki hewani. Kila siku mnyama anachukua sehemu ya protini aliyokula na kuigeuza kuwa nyuzi. Akikosa, mwili hutanguliza moyo, ini na mimba, na sufu huwa ya mwisho kupewa haki yake. Ndiyo maana sungura anaweza kuonekana mzima, anaruka na kula, lakini sufu yake ikawa fupi, nyembamba na yenye kukatika. Ukiuvuta uzi wake ukakatika mahali pale pale kila mara, jua kwamba wiki zile alipokuwa akiotesha sehemu hiyo, hori lilikuwa tupu.

Tena si protini yoyote tu. Sufu inahitaji zaidi zile protini zenye salfa ndani yake. Kwa watu wa Kigoma na mikoa jirani, mahali pa kuipata kwa bei nafuu ni mashudu ya alizeti. Mashudu ya mise, yale yanayobaki baada ya kukamua kokwa za mawese, yanafaa pia kuongezea, ingawa hayafikii ya alizeti.

Hapa tunalazimika kumjibu msomaji mwingine, wa Kibondo, aliyetuuliza kuhusu majani ya muhogo, kwa kuwa kwake muhogo ndio zao lililo karibu. Majani ya muhogo yana protini nyingi kweli. Lakini yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi, na mwili wa mnyama huiondoa sumu hiyo kwa kuifunga pamoja na salfa. Maana yake ni kwamba hata pale kiasi cha sumu kisipomuua sungura, kinamwibia ile ile salfa ambayo ilikuwa iende kwenye sufu. Anakula vizuri, na sufu inapungua. Dawa yake mama zetu wanaijua tangu zamani, kwani hakuna anayekula kisamvu kibichi. Majani ya sungura yakatekate, yaanikwe juani siku mbili au tatu mpaka yavunjike mkononi, kisha yatiwe kidogo kidogo kwenye chakula. Yasiwe ndiyo chakula chenyewe.

Basi hori la siku moja liweje? Sungura mkubwa wa Angora, mwenye uzito wa kilo tatu na nusu hadi nne, anahitaji kiasi cha gramu 150 hadi 200 za chakula, ikihesabiwa baada ya kutoa maji. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowapotosha wengi. Matembele mabichi yana maji mengi mno; kilo moja ya matembele yaliyochumwa asubuhi ya mvua haina hata gramu 150 za chakula chenyewe. Mtoto anapojaza kizimba majani yaliyolowa, sungura hujaa tumbo kwa maji, huharisha, na bado ana njaa. Majani mabichi yaanikwe kivulini kwa saa kadhaa yanyauke kwanza. Yakinyauka yanapungua uzito, si thamani.

Msingi wa hori uwe majani makavu. Katika mashamba ya Kasulu na Kibondo yapo mengi ambayo huachwa au huchomwa: majani ya karanga baada ya kung'oa, mashina na majani ya maharage baada ya kupura, matembele ya shamba la viazi linalovunwa. Yote haya yakikaushwa kivulini, si kwenye jua kali linalopukutisha majani na kubakiza vijiti, ni nyasi kavu zenye heshima. Mwenye kuyaweka kuanzia mwezi Mei, mvua zinapokatika, hatahangaika mwezi Agosti wakati mapori yanaungua na vumbi limefunika kila jani. Dada yetu hakufika kwenye lusina kwa upuuzi. Alifikishwa na kiangazi. Mwenye akiba ya majani makavu hatafuti majani kwenye ua wa mtu.

Juu ya majani makavu, kila sungura apate chakula cha kuchanganya, kiasi cha gramu 70 kwa siku, ambacho ni kama konzi mbili. Kwa kilo kumi, changanya kilo tano za pumba za mahindi, kilo tatu za mashudu ya alizeti, na kilo mbili za majani ya karanga au matembele yaliyokaushwa na kupondwa. Ongeza gramu 50 za chumvi. Ile ya Uvinza, ya mkoa huo huo, inatosha kabisa. Tumepiga hesabu, na mchanganyiko huo unatoa kiasi cha asilimia 15 hadi 16 ya protini, ambacho ndicho sungura wa sufu anachokitaka. Majani mabichi yaliyonyauka, kama matembele na majani ya miforosadi, yawe nyongeza ya jioni.

Pumba na mashudu vikaguliwe kwa macho na kwa pua. Kilichoota ukungu kisitiwe horini hata kama kimenunuliwa kwa fedha. Sumukuvu inayotokana na ukungu huo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na sungura ni mnyama dhaifu mno mbele yake. Wala asipewe majani ya parachichi, ambayo miinuko ile imejaaliwa miti yake mingi, wala majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Hayo yote ni sumu kwake.

Kiasi cha chakula kifuate mkasi. Mwezi wa kwanza baada ya kukatwa, sungura yuko uchi, anapoteza joto, na sufu mpya inaanza kuota, hivyo apewe kwa ukarimu. Mwezi wa pili apewe kipimo cha kawaida. Mwezi wa tatu, sufu ikiwa ndefu na inamwongezea joto, apunguziwe kidogo asije akanenepa. Kwa miinuko ya Kasulu na Kibondo, iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, tunashauri asikatwe hadi ngozini katika baridi ya Juni na Julai. Aachiwe urefu wa kama upana wa kidole, na kizimba kizibwe upande wa upepo. Ubaridi huo huo wa miinuko ndio unaomfaa mnyama huyu kuliko joto la pwani, ambako sufu yake ingekuwa adhabu.

Lipo jambo moja linalowafurahisha watoto kila tunapolisimulia. Sungura hujilamba, na anapojilamba humeza manyoya. Paka akimeza manyoya huyatapika, lakini sungura hakuumbwa na uwezo wa kutapika. Manyoya hujikusanya tumboni yakawa kama mpira, akaacha kula, akafa. Wafugaji wa Angora wameona kwamba inafaa siku moja katika wiki sungura mkubwa asipewe pumba wala mashudu, apewe majani makavu na maji tu, ili tumbo lisafishike. Wale wadogo na wanaonyonyesha hawahusiki. Watoto husema sungura naye ana siku yake ya kufunga. Tunawaambia ndiyo, lakini tofauti na sisi, yeye maji hanyimwi hata saa moja. Anayekula chakula kikavu hunywa maji yenye uzito wa mara mbili ya chakula hicho, na jike anayenyonyesha hunywa zaidi sana. Chombo kikikauka mchana, kula kunasimama, na sufu nayo inasimama.

Mtoto akimkuta sungura alfajiri amejipinda anakula kinyesi chake kilaini, asimpige wala asidhani amepata kichaa. Ndivyo alivyoumbwa. Chakula hupita mara ya kwanza, vijidudu vya tumboni hukiongezea protini na vitamini, kisha hukirudisha kinywani mara ya pili ili asipoteze neema hiyo. Subhanallah, mnyama mdogo kiasi hicho amefundishwa kutofanya israfu.

Tumeulizwa pia kuhusu hukumu. Wanavyuoni walio wengi wanahalalisha nyama ya sungura kwa hadithi ya Anas bin Malik, ambamo Abu Talha alimchinja sungura, akampelekea Mtume (s.a.w.) sehemu ya mnyama huyo, naye akaipokea. Ama sufu, katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ametaja sufu na manyoya ya wanyama wa kufugwa miongoni mwa neema alizotujaalia tuzitumie, na sufu iliyokatwa kwa mnyama wa halali akiwa hai ni tohara. Basi mume wa dada yetu hakukosea kusema kwamba wanachinjika. Tulichomsihi ni kwamba asiwachinje kwa hasira ya kosa ambalo si lao.

Ikatwe kwa mkasi mkali, kwa utulivu, mnyama akiwa amepakatwa. Isinyofolewe. Mwaka 2013 zilisambaa duniani picha za video kutoka China, nchi inayozalisha sehemu kubwa ya sufu ya Angora, zikionyesha sungura wakinyofolewa manyoya huku wakilia kwa maumivu. Maduka makubwa ya nguo ya Ulaya yakaacha kununua sufu hiyo. Ukatili wa mikono michache ukawafungia mlango wafugaji wengi waliokuwa wakifuga kwa uadilifu. Liwe somo kwetu.

Na hapa tuseme kweli kuhusu fedha, kwa sababu tusiposema sisi, wapo watakaosema vingine. Sufu ya sungura haipimwi kwa kilo sokoni Kasulu kama maharage na kahawa. Yeyote anayekuahidi kwamba utauziwa sungura leo na sufu yako itanunuliwa kesho, mwulize mnunuzi ni nani, yuko wapi, na bei imeandikwa wapi, kabla hujatoa shilingi moja. Sungura watatu au wanne, si ishirini, ndio mwanzo wa busara. Thamani ya sufu hiyo iko mikononi mwa wanaoisokota na kuifuma. Sungura mmoja akitoa gramu 200, na uzi ukachanganywa na pamba au sufu ya kondoo, kofia za watoto wachanga zinazotoka hapo si chache. Kofia moja ya joto kwa mtoto aliyezaliwa Julai katika miinuko ile ina mnunuzi, na kama hana fedha, ina thawabu.

Sasa turudi Kasulu. Dada yetu alituandikia tena juma lililopita, miezi mitatu baada ya barua ya kwanza. Lusina ilisimama siku ile ile. Wiki za mwanzo hakuna kilichobadilika, na mume akawa akisogea bandani na kisu akirudi. Katika wiki ya tano ngozi ya mgongoni ilianza kufunikwa na kitu kama ukungu mweupe. Sasa ni sufu yenye urefu wa vidole viwili, mnene, na ukiuvuta uzi wake haukatiki. Sungura mmoja, jike mkongwe, alikufa kabla ya wiki hizo kutimia. Tunaliandika kwa kuwa yeye mwenyewe aliliandika, wala hakutaka tulifiche.

Lakini barua hiyo haikuandikwa kwa ajili ya sungura. Imeandikwa kwa ajili ya jirani. Dada yetu anasema kwamba katika siku zile za shaka walikuwa wameacha kumpelekea futari jirani huyo, na watoto wake hawakualikwa nyumbani siku ya Idi. Jirani hakuuliza sababu. Aliendelea kumruhusu binti achume majani. Mama mkwe, baada ya kusomewa majibu yetu, alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alijitanda kanga yake, akapita ule ua wa lusina, akaenda kuomba radhi. Walipoelezana, jirani alisikitika zaidi kujua kwamba majani yake ndiyo yaliyodhuru kuliko kujua kwamba alishukiwa.

Sisi hatuna la kuongeza juu ya hilo isipokuwa kumkumbusha kila mwenye banda jambo moja. Mtume (s.a.w.) ametueleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumpa chakula, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Mzazi anayemwambia mtoto “kawatafutie majani” bila kumwambia majani gani, amempa mtoto amana bila ufunguo wake. Mnyama wa porini akikosea jani, amekosea mwenyewe. Mnyama wa kizimbani akikosea jani, aliyefunga mlango ndiye aliyekosea. Kwa hiyo jibu la swali la tatu la dada yetu, lile alilouliza kuhusu kosa lake, lilikuwa ndiyo. Na yeye alilipokea vizuri kuliko wengi wetu ambavyo tungelipokea.

Binti mkubwa sasa ana daftari. Kila alasiri huandika alichochuma, na kwenye ukurasa wa mwisho ameorodhesha majani yasiyoingia bandani. La kwanza ni lusina, na pembeni yake ameandika: “Ya mbuzi wa jirani tu.” Mkato ujao ni mwezi ujao, in shaa Allah. Kofia ya kwanza, anasema mama yake, imekwisha kuahidiwa: mjukuu wa jirani anatarajiwa kuzaliwa kabla ya baridi.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atuepushe na dhana mbaya, na atufanye waangalifu kwa kila kilichofungiwa chini ya mikono yetu. Amin.